Distribisyo Imekufa

Kelele ile ilianza Jumatatu, na kufikia Jumatano kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa imeshaujua ugonjwa na dawa yake, isipokuwa mwenye gari.

Gari lenyewe lilikuwa Hilux ya zamani, nyeupe kwa jina tu. Lucien alilikuta limelala majanini nyuma ya gereji moja mjini Lilongwe, panya wamezaa ndani ya kiti cha dereva, akalifufua kipande kwa kipande mpaka likatembea. Kabla ya hapo alikuwa mkimbizi mmoja kati ya maelfu, mtu wa Bukavu aliyewahi kufundisha hesabu shule ya sekondari. Baada ya hapo akawa Papa Bénie, yaani Baba Bénie, mwenye Hilux. Aliyehama chumba alimwita yeye, aliyevuna soya alimwita yeye, na kanisa lilipotaka kupeleka spika zake kwenye mkutano wa Lumbadzi lilimwita yeye, tena kwa heshima. Alijua wazi kwamba injini ile ikifa hatapata nyingine. Atarudi kuwa mmoja kati ya maelfu, na umri wa kuanza upya ulikuwa umeshampita.

Kwa hiyo asubuhi ile alipowasha gari na kusikia kitu kinalia mbele ya injini, kra-kra-kra-kra, kama mtu anayekoroga misumari kwenye sufuria, aliruka nje akafungua boneti. Baada ya muda mfupi kelele ikanyamaza, gari likaenda kama kawaida. Kesho yake ilichelewa kunyamaza. Siku iliyofuata ilichelewa zaidi.

Hapo ndipo washauri walipoanza kumiminika. Mungu alipowanyima watu wa Dzaleka magari, aliwalipa kwa kuwapa utaalamu wa magari. Pasta Christian, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisimama mbele ya boneti iliyo wazi, mikono nyuma, akasema ni petroli mbaya, hii ya kuuzwa kwenye vidumu. Mahamudu, muuza chumvi na sabuni, alisema ni bujii, zile plagi za kuwashia moto kwenye injini, na alilisema jambo hilo mara tatu kwa sauti tatu tofauti, kana kwamba Lucien ni mgumu wa kuelewa. Mathilde, mke wa Lucien, bila kuinua macho kwenye cherehani, alisema ni mlango wa nyuma wa gari umelegea.

"Mlango wa nyuma, Mathilde? Kelele iko mbele, mlango iko nyuma!"

"Mi nakuambia tu vile nasikia."

Lucien alicheka kwa dharau. Kisha, Mathilde alipokwenda kuchota maji, akachukua spana akaukaza mlango wa nyuma, kimyakimya, akawasha gari. Kra-kra-kra-kra. Hasira zikampanda upya, sasa akijikasirikia yeye mwenyewe.

Aliyebaki bila kutoa ushauri wa kifundi alikuwa Mama Irangabiye, mama mzee wa Kirundi aliyekaa peke yake kwenye chumba cha nyuma ya nyumba ya kina Lucien. Huyu ndiye aliyewapokea walipofika kambini bila hata mkeka. Msimu mzima wa mvua walilala kwake, watu watano kwenye chumba cha mtu mmoja, wakapika chungu kimoja. Alikuja na fimbo yake, miguu ikimsumbua, akaliangalia gari kwa huruma.

"Imechoka, mwanangu. Uiache ipumuzike kidogo."

Kwake tu ndiko Lucien hakufoka. Alisema aksanti, akaenda kumtafuta fundi.

Fundi Aruna alikuwa mtu wa Kindu, mwana wa wafanyabiashara, na kama alikuwa na adabu basi alikuwa ameiacha huko kwao. Alifika na bisibisi ndefu, akawafukuza watu wote waliosimama karibu, akamfukuza na Pasta. Kisha akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho kama anayeonja mchuzi.

"Washa."

Lucien akawasha.

"Zima."

Akazima.

"Washa tena. Hapana kukanyaga! Nani alikuambia ukanyage?"

Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Aruna aliihamisha bisibisi juu, chini, kulia, kushoto, akisimulia katikati habari za injini nyingine alizowahi kuziponya na wenye magari wasiokuwa na shukrani. Lucien alikuwa karibu kumnyang'anya ile bisibisi. Mwishowe fundi aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Distribisyo," alisema.

Mafundi waliojifunzia kazi Kongo, kwa Kifaransa, huita hivyo ule mnyororo, au shene, ulio mbele ya injini, unaofungua na kufunga vali kwa zamu zake. Unapita katikati ya miongozo miwili ya plastiki. Plastiki ikizeeka inavunjika, mnyororo unalegea, unaanza kuchapa chuma. Hiyo ndiyo kra-kra-kra.

"Sikiliza, Papa Bénie," Aruna alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha. "Usiitembeze tena mpaka uweke shene ya mupya. Hata fasi ya karibu. Ile shene ikikatika, motere imekwisha. Hakuna fundi atakutengenezea, hata mi."

"Ni shene tu?"

"Shene na bintu byake byote. Uende Lilongwe. Na umwambie vizuri mwenye magazini ya spea, asikuuzie kitu ya ingine."

"Aruna, mi nilifundisha hesabu lycée. Nitashindwa kununua shene?"

Alikwenda Lilongwe kwa minibasi, moja kati ya chache zilizokuwa na petroli wiki hiyo. Kwenye duka la spea, nyuma ya kaunta, palikuwa na kijana Mmalawi mwenye simu mkononi. Lucien alijivunia Kiingereza chake. Alikitoa kwa nadra, kama suti. Akamwambia kijana kwa Kiingereza hicho kwamba anataka distribisyo ya Hilux, nzima, na vitu vyake vyote.

"Distributa?" kijana aliuliza.

"Ndiyo, distribisyo," Lucien alijibu.

Kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa matamshi yake mabovu. Kijana aliingia stoo akatoka na boksi lililofungwa kwa utepe, jipya kabisa. Lucien alimshukuru kwa Kichewa, zikomo, akalikumbatia njia nzima hadi nyumbani.

Aruna alilifungua boksi mbele ya Mathilde na mbele ya Pasta Christian, ambaye alikuwa amerudi kuona kama petroli imeshabadilishwa. Ndani palikuwa na kitu cha mviringo, na juu yake kofia nyeusi yenye vishimo vya kuingizia nyaya.

"Hii njo nini?" Aruna aliuliza polepole.

"Distribisyo."

"Papa Bénie. Hii ni delko."

Delko, kwa mafundi wa Kongo, ni kile kifaa kinachogawa moto kwenye bujii. Wamalawi, kwa Kiingereza, wanakiita distributa. Delko la Lucien lilikuwa zima, halikuwa na kosa lolote, na sasa alikuwa nayo mawili. Aruna alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Pasta aligeuka pembeni akajifanya anakohoa. Mathilde hakucheka, aliuliza tu, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kicheko, "Na ile Kiingereza yako?"

Lucien hakula siku hiyo.

Kesho yake alitoka kwenda kupiga simu kwenye lile duka la spea. Mtandao mzuri kambini ulikuwa pale penye chigayo, mashine ya kusaga mahindi, kwa sababu ni juu kidogo. Ubaya wake ni kwamba mashine inanguruma, na foleni ya kina mama na ndoo zao haikatiki. Lucien aliziba sikio moja kwa kidole, akaanza. Alijaribu Kiingereza. Alijaribu Kichewa chake cha sokoni. Kijana wa spea alikuwa akijibu pepani bambo, pepani bambo, yaani samahani mzee, na kila alichosema Lucien kilirudi kwake kikiwa distributa. Jasho likamtiririka. Mwishowe kijana alichoka, akamwambia asubiri, dukani kuna Mkongomani mmoja amekuja kununua kitu, aongee naye.

Sauti ya Kiswahili ilipoingia kwenye simu, Lucien nusura alie. Akafungulia bomba la siku zote zile, akipiga kelele kuishinda mashine:

"Yaya, ndugu yangu, umwambie hapana delko! Distribisyo! Distribisyo imekufa!"

Na wakati huohuo msagaji, aliyekuwa amemaliza gunia, akazima mashine. Kimya kikatanda kilima kizima. Lucien, kidole bado sikioni, hakugundua. Akaendelea kupayuka:

"Imekufa kabisa, nakuambia! Haitafika mwisho wa mwezi! Ile ya zamani imekwisha, tusidanganyane, hakuna mutu ataitengeneza tena!"

Yule Mkongomani alielewa vizuri, akamweleza kijana, kijana akacheka, akasema alete hilo distributa wabadilishane. Mnyororo utakuwepo Jumatatu ijayo. Lucien alizima simu akiwa na furaha kwa mara ya kwanza wiki ile. Alipogeuka aliona kina mama wote wa foleni wanamtazama, ndoo mikononi. Aliwasalimu. Wakaitikia kwa sauti ndogo. Alishuka kilima akipiga mluzi.

Sasa, kambini Dzaleka, neno distribisyo halina uhusiano wowote na magari. Distribisyo ni siku ya msaada. Ni chakula, ni mafuta ya kupikia, ni kile kinachowafikisha watu mwezi mwingine, na kwa muda mrefu kilikuwa kikipungua na kuchelewa, kila mtu akiishi roho mkononi. Na aliyesema kimekufa hakuwa mtu wa kupuuzwa. Huyu ni Papa Bénie, anayewabebea wakubwa mizigo yao mpaka ofisi za serikali za Capital Hill. Ana masikio, ametoka Lilongwe jana tu, na alikuwa akiongea na simu kwa uchungu.

Jua lilipoanza kushuka uwanja wake ulikuwa umejaa. Mbele alisimama Stéphanie, kiongozi wa kina mama wa mtaa, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Papa Bénie, tumekuja utuambie mu mudomo yako. Ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Distribisyo imekufa?"

"Imekufa, ndiyo. Aruna mwenyewe alisema."

Kilio kilipasuka nyuma. Mtu mmoja akauliza Aruna amejulia wapi. Mwingine akajibu kwamba wafanyabiashara wa Kindu siku zote wanajua kabla ya watu. Lucien aliwatazama mmoja mmoja. Alielewa taratibu, na kadiri alivyoelewa ndivyo mishipa ya shingo ilivyomsimama.

"Ya gari!" alifoka. "Distribisyo ya gari! Shene! Shene ya motere!"

"Asifiche," sauti ya mwanamume ilisema. "Yeye anapita kwa bakubwa, atakosa kitu? Siye tutakula nini na batoto?"

"Nafichaje shene?"

"Kama ni ya gari, ju ya nini ulisema haitafika mwisho wa mwezi?"

"Kwa sababu haitafika! Mungu wangu! Itakatika!"

"Munasikia? Amesema itakatika!"

Kueleza kulishindikana. Kila neno alilolishika lilimgeukia. Basi Lucien, akiwa amechoka kudhaniwa mwongo kwenye uwanja wake mwenyewe, alifanya jambo ambalo Aruna alikuwa amemkataza kabisa. Aliingia garini, akawasha. Kra-kra-kra-kra! Safari hii kelele haikunyamaza baada ya muda mfupi. Iliendelea, chuma kwa chuma, na kila mchapo ulimpiga Lucien mbavuni, kwa sababu alijua mle ndani kinaliwa nini.

"Hiyo!" alipiga kelele dirishani. "Munasikia? Hiyo njo distribisyo! Njo hiyo imekufa!"

Watu walisikiliza. Stéphanie alisogea, akainamisha sikio, akanyooka.

"Kumbe gari pia iko na distribisyo."

"Iko nayo!"

"Na ile yetu?"

"Ile yenu sijui chochote! Sijasikia kitu! Muulize ofisi!"

Wakaanza kutawanyika. Wengine walicheka wakishikana mabega, wengine waliondoka wamenuna, kama watu waliotapeliwa. Stéphanie alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba ni gari, ni gari tu, Papa Bénie na Kifaransa chake. Waliotoka nje waliambiwa, na waliouliza walijibiwa. Mathilde alicheka mpaka akaweka pasi chini. Lucien alijitupa kitandani uso ukutani, na akaapa hatasema tena neno la Kifaransa maisha yake yote.

Asubuhi Mathilde alimwamsha kwa kumtikisa, na hakuwa anacheka.

Kila jioni Mathilde alimpelekea Mama Irangabiye sahani ya chakula, na kila asubuhi mama huyo aliirudisha imeoshwa, na ndani yake ameweka kitu: nyanya mbili, majani ya maboga, kiazi. Sahani hairudi tupu, ndivyo alivyolelewa kwao. Asubuhi hii sahani ilikuwa kizingitini, imejaa maharagwe mpaka yamemwagika. Kando yake palikuwa na mfuko, nao umejaa maharagwe. Hiyo ilikuwa akiba yake yote. Mathilde alikimbia nyuma ya nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, godoro halipo, chungu hakipo.

Jirani wa upande wa pili alisema alimwona kabla hapajapambazuka vizuri. Lori la nyanya lilikuwa linaenda Lilongwe, akamwomba dereva ampandishe. Alisema anakwenda Chinsapo, mtaa wa huko Lilongwe, kwa Kirezi, binamu ya marehemu mumewe.

"Kirezi alishahama Chinsapo!" Mathilde alisema. "Zamani! Hakuna mwenye anajua alienda fasi gani!"

"Ju ya nini ameenda?" Lucien aliuliza, ingawa moyoni alikuwa ameshajua.

"Jana alikuwa kwa chigayo. Alikuwa kwenye foleni. Alikusikia na masikio yake, akarudi, akafunga mulango. Na batu balipokuja kulia hapa kwetu, alisikia bilio. Stéphanie alipita kwa benye balitoka inje. Yeye hakutoka, na sahani ya jana nilituma mutoto aiache ku mulango. Nani alimukumbuka? Weye? Mi?"

Lucien aliutazama mfuko wa maharagwe. Mama mzee, miguu mibovu, hana simu, yuko Chinsapo anamtafuta mtu asiyekuwepo, kwa sababu yake yeye. Alitamani mtu amlaumu zaidi, ili apate wa kugombana naye. Alifikiria minibasi. Lakini wiki hiyo petroli ilikuwa haipatikani, minibasi zimelala kwenye foleni za vituo vya mafuta, na chache zilizotembea zisingempandisha mama mwenye godoro. Kwenye kona ya uwanja Hilux ilikuwa imesimama, na nyuma ya kiti palikuwa na kidumu cha petroli, kile ambacho Pasta Christian alikuwa amekisingizia.

Aruna alitokea bila kuitwa, kama kawaida yake, akamkuta Lucien anamimina mafuta.

"Papa Bénie, nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Unaenda kuiua."

"Najua."

Aruna alisogea karibu na gari. Kisha akafungua boneti, akatazama oili, akafunga. Hakusema neno, na kwa Aruna hiyo ilikuwa rambirambi.

Njia nzima kelele haikunyamaza hata mara moja. Lucien aliendesha polepole, vioo vimeshushwa, mwili mzima umegeuka sikio. Alijaribu gia kubwa, alijaribu kuacha gari lijiendee mteremkoni. Watu wa kando ya barabara waligeuka kumtazama. Pale Lumbadzi mwendesha kabaza mmoja, abiria amekaa nyuma ya baiskeli yake, alimpita Lucien kwenye kilima na kumshauri kwa Kichewa abadilishe bujii. Lucien alipiga usukani ngumi.

Chinsapo si mahali pa kumtafuta mtu. Nyumba zimebanana, vichochoro havina majina, na kila ukuta una mtu anayeuza kitu mbele yake. Lucien aliuliza kwa wauza mitumba, akauliza kwa wauza samaki wakavu, akauliza kama wamemwona mama mzee wa Kirundi mwenye fimbo na godoro. Wengine walimwelekeza kulia, wengine kushoto, wote kwa uhakika mkubwa. Hakuzima gari popote, akiogopa lisiwake tena, na kila alipolisimamisha kuuliza, ilibidi apige kelele kuishinda kelele ya gari lenyewe.

Alimkuta mchana, kando ya njia, mbele ya chumba ambacho zamani kilikuwa cha Kirezi na sasa kilikuwa cha kinyozi. Alikuwa amekaa juu ya godoro lake lililokunjwa, fimbo mapajani, chungu miguuni, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki. Vijana wa kinyozi walikuwa wamempa kopo la maji.

Lucien aliruka kutoka garini, na woga wote aliokuwa nao tangu asubuhi ukatoka kama hasira.

"Mama! Nani alikuambia uondoke? Kirezi alishahama! Ungelala wapi? Ungekula nini?"

"Keti kwanza," Mama Irangabiye alisema. "Unapiga kelele sawa gari yako."

"Nani alikuambia distribisyo imekufa?"

"Weye."

"Mi nilikuwa nasema ya gari! Shene ya motere! Distribisyo yetu haina shida, Mama. Iko vile iko siku zote, kidogo na ya kuchelewa, lakini iko!"

Mama Irangabiye alimaliza maji ya kopo, akalirudisha kwa vijana wa kinyozi. Hakuonyesha aibu, wala furaha kubwa.

"Basi nilisikia vibaya," alisema.

"Na hata kama ingekufa, Mama! Si ungekuja kwetu? Ulitupokea tukiwa hatuna kitu. Unakimbia njaa uende kwa mutu haujaonana naye tangu zamani?"

"Mi sikukimbia njaa," alisema. "Njaa naijua, tulikaa naye nyumba moja. Nilikimbia sahani yenu. Mathilde hangeacha kuileta, namujua. Angeileta na batoto balale tumbo nusu. Ningekuwa nakula batoto benu, Lucien. Ningewezaje?"

Lucien, aliyekuwa na jibu wiki ile kwa Pasta, kwa Mahamudu, kwa mke wake na kwa umati mzima, aligeuza uso. Alisimama katikati ya kichochoro, gari likilia nyuma yake, na machozi yakamlenga mbele ya vijana wa kinyozi. Kisha akainama, akachukua godoro.

"Twende, Mama. Mathilde anakungojea. Na maharagwe yako utamwambia mwenyewe arudishe, mi sitaki maneno naye."

Alimsaidia kupanda, akamwekea chungu mapajani, kwa sababu alikataa kiwekwe nyuma na godoro. Walipita mjini, wakashika barabara ya kaskazini. Mama Irangabiye hakuwa amepanda mbele ya gari kwa miaka, na alilifurahia. Alisoma vibao, alihesabu ng'ombe, alimuuliza Lucien habari za nyumba kubwa walizopita. Lucien alijibu ndiyo na hapana. Kelele ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena misumari kwenye sufuria. Ilikuwa kitu kizito kinachoburutwa, kinakwama, kinaachia. Usukani ulitetemeka mikononi mwake. Moyoni alikuwa akilibembeleza gari: kidogo tu, baba, kidogo tu, ukafe nyumbani.

"Lakini hii gari inapiga kelele mbaya, mwanangu," Mama Irangabiye alisema walipokwisha kupita Lumbadzi. "Ju ya nini hauitengeneze?"

Lucien aliuma meno, akatazama mbele.

Waliiacha barabara kuu, wakashika ile ya kwenda kambini. Kwenye mteremko wa kwanza kelele ilipanda, ikakohoa mara moja kwa nguvu, ikakatika. Injini ikanyamaza pamoja nayo. Taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Gari liliendelea kushuka lenyewe, taratibu, na kilichosikika kilikuwa tairi kwenye lami na upepo madirishani. Lucien hakugusa ufunguo. Hakuhitaji bisibisi ya mtu yeyote kujua kilichotokea mle ndani, wala kwamba hakuna wa kukitengeneza.

Mama Irangabiye aliinua kichwa, akasikiliza kimya kile. Uso wake ukachangamka, akampiga Lucien begani kwa kiganja.

"Unaona!" alisema. "Imenyamaza. Imepona yenyewe. Na weye unagombana na batu wiki muzima!"

Lucien alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari ulimini, shene, motere, yote aliyokuwa amewapigia watu kelele tangu Jumatatu. Akamgeukia. Mama mzee alikuwa anamtazama, amekumbatia chungu chake, amefurahi kweli kweli kwa ajili yake. Lucien alijisikia mwenye hasira na mwenye kumpenda kwa wakati mmoja.

"Imepona, Mama," alisema, akaliongoza gari taratibu mpaka pembeni mwa barabara.